Mafundi wa Ukurasa wa Majadiliano

Msomaji anayefungua makala ya Wikipedia kutafuta mwaka ambao mji fulani ulianzishwa, au jina la rais wa pili wa nchi fulani, hupata jibu lake na kuendelea na shughuli zake. Ni haki yake. Lakini juu ya kila makala kuna maneno mawili ambayo wengi hawayabonyezi: "Majadiliano" na "Historia". Ukibonyeza "Historia" unaona kila toleo la makala tangu siku ilipoanzishwa: nani aliigusa, saa ngapi, aliongeza nini, aliondoa nini na alisema ni kwa sababu gani. Ukibonyeza "Majadiliano" unawakuta watu wakizungumza. Mmoja anauliza takwimu fulani imetoka wapi. Mwingine anaomba kichwa cha makala kibadilishwe. Wa tatu anamshukuru aliyesahihisha jina la babu wa chifu.

Huko ndiko kazi yenyewe inakofanyika. Makala unayoisoma ni zao tu. Ufundi uko kwenye mazungumzo yaliyoitangulia. Kadiri ninavyozidi kuzisoma kurasa hizo ndivyo ninavyozidi kuwaheshimu wanaoziandika. Hawalipwi, wengi wao hawajawahi kuonana, na makala hazitiwi majina yao. Hata hivyo wamejifunza jambo ambalo mabunge, kamati za vijiji na hata familia nyingi hazijalimudu: kupingana kwa maandishi, mbele ya kila mtu, kisha kuiacha sentensi ikiwa bora kuliko walivyoikuta.

Mpango huu haukuanza hivi. Kabla ya Wikipedia kulikuwa na Nupedia, kamusi elezo ya mtandaoni ambayo Jimmy Wales na Larry Sanger waliianzisha mwaka 2000 wakiwategemea wataalamu. Kila makala ilipaswa kupita hatua saba za ukaguzi kabla ya kuchapishwa, na zilizokamilika zikawa chache mno. Lakini tangu mwaka 1995 mtaalamu wa programu wa Marekani, Ward Cunningham, alikuwa ameonyesha kwamba tovuti inaweza kujengwa kwa namna ambayo msomaji yeyote anaibadilisha papo hapo. Tarehe 15 Januari 2001 Wales na Sanger waliifuata njia hiyo, na Wikipedia ikazaliwa. Ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2003. Leo kuna Wikipedia katika lugha zaidi ya 300.

Kumwondoa mkaguzi kulizaa swali zito. Ikiwa kila mtu ana ruhusa ya kubadilisha, nani ataamua lipi libaki? Jibu lililopatikana, polepole na kwa misuguano mingi, ni kwamba wataamua wenyewe kwa kuelezana sababu. Kanuni zote zilizokuja baadaye zimesimama juu ya jibu hilo: makala isiegemee upande, kila dai liwe na chanzo kinachoweza kukaguliwa, mhariri asilete utafiti wake mwenyewe. Hakuna hata moja kati ya hizo inayojitekeleza. Zote huhitaji watu wanaojua kuzungumza.

Maneno machache kwenye kisanduku

Tuanze na kitu kidogo kuliko vyote. Kabla mhariri hajabonyeza "Chapisha mabadiliko", hukuta kisanduku chembamba kinachomwomba aeleze kwa ufupi alichofanya. Huo ndio muhtasari wa uhariri. Mtu anaweza kuuacha mtupu na mabadiliko yakachapishwa vilevile. Mhariri mzoefu hauachi mtupu.

Chukua urefu wa Mlima Kilimanjaro. Vitabu vyetu vya shule vinasema mita 5,895, tarakimu iliyotokana na upimaji wa mwaka 1952. Upimaji wa GPS wa mwaka 1999 ulitoa mita 5,892, na wa mwaka 2008 ukatoa karibu 5,891. Tuseme mhariri mgeni anafika kwenye makala, anafuta 5,895, anaweka 5,892 na kuondoka bila neno. Mwenzake, ambaye tarakimu ile ya kwanza anaijua tangu shule ya msingi, anaona namba imebadilishwa bila maelezo, anairudisha. Yule wa kwanza anaibadilisha tena. Nusu saa haijapita, watu wawili wenye nia njema wameshaanza kuonana waharibifu, na kila mmoja ana sababu ya kusikilizwa.

Sasa mtazame fundi. Anaiacha 5,895, anaongeza sentensi moja kuhusu vipimo vya baadaye pamoja na tanbihi, kisha kwenye kisanduku anaandika: "Nimeongeza vipimo vya GPS vya 1999 na 2008 pamoja na vyanzo. 5,895 nimeiacha kwa kuwa ndiyo inayotajwa zaidi. Kama kuna hoja, karibuni kwenye majadiliano." Ni maneno machache, lakini yamefanya kazi nne kwa pamoja. Yameeleza kilichobadilika. Yametaja ushahidi. Yamelinda kazi ya aliyetangulia. Na yameonyesha mahali pa kwenda kwa asiyeridhika. Mgogoro ambao ungekula jioni nzima umekwisha kabla haujaanza, na hakuna msomaji atakayejua kwamba ungetokea.

Muhtasari mzuri humheshimu pia mtu ambaye bado hajafika. Baada ya miaka kumi mwanafunzi mmoja atataka kujua kwa nini makala ina tarakimu tatu badala ya moja. Atafungua historia, na sababu itakuwa inamsubiri.

Jicho la mlinzi

Kuna ukurasa unaoitwa "Mabadiliko ya karibuni". Humo kila uhariri wa Wikipedia nzima hupita kama orodha: jina la makala, jina la mhariri, muhtasari, na tarakimu kwenye mabano. Tarakimu ya kijani inaonyesha maandishi yameongezeka, nyekundu yamepungua. Wapo wanaojitolea kuusoma ukurasa huo kila siku, wengine asubuhi kabla ya kazi, wengine usiku watoto wakishalala.

Kuusoma vizuri ni ujuzi. Tarakimu nyekundu kubwa isiyo na muhtasari humfanya mlinzi asimame: huenda aya nzima imefutwa kwa hasira, au huenda mtu ameondoa maandishi yaliyonakiliwa kutoka kitabu chenye hakimiliki, na hiyo ni kazi njema. Tarakimu ndogo ya kijani inaweza kuwa nukta iliyokosekana, au tusi lililochomekwa kwenye wasifu wa mwanasiasa. Mlinzi hubonyeza "tofauti", na matoleo mawili hujipanga ubavu kwa ubavu, la zamani kushoto, jipya kulia, maneno yaliyobadilika yakiwa yametiwa rangi. Hapo anaamua: aache, arekebishe, au atengue.

Kazi hii ilionekana umuhimu wake kwa uchungu mwaka 2005. Mtu mmoja aliandika katika Wikipedia ya Kiingereza wasifu wa uongo wa mwanahabari wa Marekani John Seigenthaler, akidai kwamba aliwahi kushukiwa kuhusika na mauaji ya akina Kennedy. Uongo huo ulikaa zaidi ya miezi minne kabla ya kuondolewa, kisha mwenyewe akaueleza ulimwengu gazetini. Desemba mwaka huohuo Wikipedia ya Kiingereza iliwazuia wasiojiandikisha kuanzisha makala mpya, na baadaye kanuni kuhusu wasifu wa watu walio hai zikakazwa. Somo lililobaki ni kwamba mlango ukiwa wazi lazima awepo mtu anayetazama.

Lakini mlinzi aliye fundi hageuki askari. Moja ya kanuni za zamani za Wikipedia humtaka mhariri aanze kwa kuamini kwamba mwenzake ana nia njema mpaka ushahidi uonyeshe vingine. Kijana aliyeandika jina la rafiki yake kwenye orodha ya wachezaji wa timu ya taifa huenda alikuwa anajaribu tu kama kweli inawezekana. Ukimtengua na kumtupia onyo kali, ataondoka na hatarudi. Ukimtengua na kumwandikia mistari miwili, "Karibu. Jaribio lako lilifanikiwa, nimeliondoa. Kama unapenda soka, makala ya klabu ya mkoani kwenu ina aya moja tu na inahitaji mtu kama wewe", huenda umempata mhariri wa miaka ishirini ijayo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na penye kazi nyingi na mikono michache msemo huo ni kweli tupu.

Adabu ya kupingana

Ukurasa wa majadiliano una taratibu zake. Ukimaliza kuandika unaweka alama nne za wimbi, ~~~~, na programu inazigeuza kuwa jina lako, tarehe na saa. Anayejibu huanza mstari wake kwa nukta mbili, na jibu likasogea hatua moja kulia. Anayemjibu yeye huweka nukta mbili mara mbili, na jibu likasogea hatua ya pili. Mazungumzo hushuka hivyo kwa ngazi, na mtu anayefika miaka mitano baadaye anaona wazi nani alimjibu nani na kwa lipi. Ni mbinu ya kawaida kabisa, lakini imetunza hoja za mamilioni ya watu zisichanganyike.

Kwenye Wikipedia ya Kiswahili kuna jambo lingine ninalolipenda: salamu. Mtu hafiki na shutuma moja kwa moja. Husema kwanza "Salaam ndugu" au "Habari za siku nyingi", ndipo ataje kilichomleta. Kwa kuwa hakuna anayeujua umri wa mwenzake, neno "ndugu" hutosha kwa wote, profesa na mwanafunzi wa kidato cha nne. Salamu haipotezi muda wa mtu. Humkumbusha anayeandika kwamba upande wa pili kuna binadamu, na humpa anayesomwa nafasi ya kupumua kabla ya kukosolewa.

Kisha inakuja hoja, na hapa ndipo ustadi unapojulikana. Mhariri mbichi huandika: "Umepotosha historia yetu." Mhariri aliyekomaa huandika: "Aya ya pili inasema mapigano yalianza 1906, lakini kitabu kilichotajwa kwenye tanbihi kinasema Julai 1905. Naomba tuangalie pamoja." Wa kwanza amemshambulia mtu, na mtu akishambuliwa hujitetea. Wa pili amegusa aya, mwaka na kitabu, vitu ambavyo wote wawili wanaweza kuvifungua na kuvikagua. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, hasa pale ambapo kila neno litabaki kwenye historia ya ukurasa na kusomeka daima.

Niisogeze mifano hiyo karibu zaidi kwa kutumia Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Tuseme mhariri mmoja ameandika: "Wajerumani waliua watu 300,000." Mwingine amefuta na kuandika: "Watu 75,000 walikufa." Kila mmoja ana chanzo chake na kila mmoja anamwona mwenzake ana ajenda. Ukweli ni kwamba tarakimu ya 75,000 ilitokana na makadirio ya Wajerumani wenyewe, na mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Waliokufa kwa njaa, baada ya jeshi kuchoma mashamba na maghala, walikuwa wengi kuliko waliokufa vitani.

Njia rahisi ingekuwa kugawana. Ukiijumlisha 75,000 na 300,000 ukagawa kwa mbili unapata 187,500, tarakimu ambayo haikuandikwa na mtafiti yeyote. Hiyo si haki kwa upande wowote, ni kubuni. Kutoegemea upande hakuna maana ya kusimama katikati. Maana yake ni kusema nani alisema nini, kwa msingi gani, na kumwachia msomaji uzito wa kupima.

Mhariri wa tatu anaingia kwenye majadiliano, anawasalimu wote wawili, anaweka pendekezo la sentensi moja: "Makadirio ya vifo yanatofautiana: Wajerumani walikadiria watu 75,000, ilhali mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao walikufa kwa njaa iliyofuata baada ya jeshi kuteketeza mashamba na maghala ya chakula."

Tazama vitenzi vyake. Hakuandika kwamba Wajerumani "walidai", kwa kuwa neno hilo lingemwambia msomaji asiwaamini. Hakuandika kwamba Gwassa "alithibitisha", kwa kuwa hesabu ya namna hiyo haithibitishiki. Pande zote mbili amezipa kitenzi kimoja, kukadiria, kwa sababu ndicho zilichofanya. Wala hakuufunika msiba kwa jina la uadilifu: moto wa mashamba na njaa vimetajwa bila kupakwa rangi. Wahariri wawili waliokuwa wakifutiana sasa wote wanaweza kuikubali sentensi hiyo. Fundi cherehani mzuri mshono wake hauonekani, na msomaji atakayeipitia sentensi ile kesho hataona mahali palipounganishwa.

Mji wenye majina mawili

Migogoro mingine haiishi kwa sentensi moja. Mfano mkubwa ulitokea katika Wikipedia ya Kiingereza kuhusu mji wa bandari ulioko Poland kwenye Bahari ya Baltiki. Wapolandi huuita Gdańsk. Kwa karne nyingi Wajerumani waliuita Danzig. Kila jina limebeba madai, vita na makaburi. Wahariri walibadilishana majina hayo mara kwa mara katika makala nyingi: za wafalme, za wanasayansi, za vita, za meli. Aliyeamka asubuhi alikuta kazi yake ya jana imetenguliwa, naye akaitengua.

Wikipedia ya Kiingereza ina kanuni inayomzuia mhariri kutengua ukurasa mmoja zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24. Kanuni hiyo huzima moto, lakini haiondoi kuni. Mwaka 2005 wahariri waliamua kuuvunja mgogoro vipande vipande na kupiga kura kwa kila kipindi cha historia peke yake. Uamuzi ukawa hivi: kwa matukio ya kati ya 1308 na 1945 mji utaitwa Danzig, kwa kabla na baada ya hapo utaitwa Gdańsk, na mara ya kwanza jina linapotajwa, lile lingine liwepo kando yake. Kwa hiyo mwandishi Günter Grass, aliyezaliwa huko mwaka 1927, alizaliwa Danzig, na mgomo wa wafanyakazi wa kiwanda cha meli wa mwaka 1980 ulifanyika Gdańsk.

Ninachokistahi katika uamuzi huo ni namna swali lilivyogeuzwa. Kwa miaka watu waliuliza, "Jina la kweli ni lipi?" na swali hilo halikuwa na mwisho. Mtu alipouliza, "Ni lipi linafaa kwa kipindi gani?" pakapatikana njia. Mwaka 2010 mkutano wa kila mwaka wa wahariri wa Wikipedia wa dunia nzima, Wikimania, ulifanyika katika mji huohuo.

Hata hivyo kura ni njia ya nadra. Kwa kawaida wahariri hutafuta mwafaka, na mwafaka hauhesabiwi kwa vichwa. Watu kumi wakisema "nakubali" bila sababu, na mmoja akaleta kitabu, ukurasa na aya, huyo mmoja lazima ajibiwe. Anayeufunga mjadala hupima hoja, kisha huandika kwa kifupi kilichoamuliwa na kwa nini, ili hata aliyeshindwa aone kwamba alisikilizwa. Penye wengi hapaharibiki neno, walisema wazee wetu, na kurasa hizi zinaonyesha sharti lake: wengi hao wawe wanasikilizana.

Matunda yake yamewahi kupimwa. Mwaka 2005 jarida la sayansi la Nature lililinganisha, kwa tathmini za wataalamu, makala 42 za sayansi za Wikipedia na za Encyclopaedia Britannica. Wastani wa makosa ulikuwa karibu manne kwa makala upande wa Wikipedia na karibu matatu upande wa Britannica. Britannica waliyapinga matokeo hayo. Lakini kwamba watu wa kujitolea walifika karibu hivyo na kamusi elezo iliyoanza karne ya 18, baada ya miaka isiyofika mitano ya kazi, ni jambo la kumfanya mtu ayaangalie upya majadiliano yao.

Nyumba ya Kiswahili

Katika Wikipedia ya Kiingereza mhariri anaweza kushughulika na nukta na mikato maisha yake yote, maana wapo maelfu wa kufanya mengine. Katika Wikipedia ya Kiswahili kundi la wanaohariri kila siku ni dogo, na mtu mmoja hubeba mizigo mingi. Asubuhi anamkaribisha mgeni, mchana anapanga makala kwenye jamii zake, jioni anatengeneza kigezo kilichovunjika, usiku anajadili kama makala fulani ifutwe au ipewe muda. Wakabidhi, yaani wale waliopewa na wenzao mamlaka ya kufuta kurasa na kuzuia waharibifu, ni wahariri walewale wenye kazi ya ziada. Baadhi wako Dar es Salaam, Nairobi au Arusha. Wengine wako Ulaya na walijifunza Kiswahili ukubwani.

Makala fupi huko huitwa "mbegu", na chini yake huwekwa maneno yanayomwalika msomaji aiongeze. Hakuna anayeaibishwa kwa kuandika mistari mitatu kuhusu kata yake. Mistari mitatu yenye chanzo ni mwanzo halali, na wahariri wazoefu huifuata kwa kuiongezea jamii, kiungo na ramani, kisha humwandikia mwanzilishi kwamba kazi yake imepokelewa.

Mzigo mkubwa zaidi huletwa na tafsiri za mashine. Mwaka 2009 kampuni ya Google iliandaa shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania. Makala nyingi ziliingia kwa mkupuo, nyingine zikiwa zimetafsiriwa kwa msaada wa mashine, na shindano lilipokwisha waliobaki ndio walioendelea kuzipitia. Tangu hapo programu za tafsiri zimekuwa bora zaidi, na kwa sababu hiyo makosa yake yamekuwa magumu zaidi kuyaona.

Ukitaka kuuona ufundi, mtazame mhariri akisafisha makala ya namna hiyo. "Mji una idadi ya watu ya 40,000" inakuwa "Mji una wakazi 40,000". "Kitabu ilichapishwa" inakuwa "Kitabu kilichapishwa". "Yeye ni mmoja wa waandishi ambao wanajulikana zaidi katika nchi" inakuwa "Ni kati ya waandishi mashuhuri nchini". Hubadilisha sentensi baada ya sentensi, akirudi kwenye makala ya asili kuhakikisha maana haikupotea, maana tafsiri mbovu mara nyingi huficha kosa la ukweli chini ya kosa la lugha. Akimaliza humwandikia aliyeileta, bila dharau: hiki nimebadilisha kwa sababu hii, kile nimekiacha, jaribu aya inayofuata mwenyewe nami nitaipitia. Hapo mhariri anakuwa mwalimu, na hakuna aliyempa mshahara wala cheo cha kufundisha.

Kiswahili nacho kina pande zake. Mkenya aliyefundishwa "tarakilishi" shuleni na Mtanzania anayesema "kompyuta" wote wana haki ya kuipata makala. Chombo kinachowapatanisha ni cha kawaida sana: elekezo. Unaandika jina moja, ukurasa unakupeleka kwenye makala yenye jina la pili, na mstari wa kwanza unayataja yote mawili. Hakuna aliyenyang'anywa Kiswahili chake. Ningependa watunga mitaala wetu waione subira hiyo.

Agosti 2025 mkutano wa Wikimania ulifanyika Nairobi, kwa mara ya kwanza Afrika Mashariki, baada ya Alexandria mwaka 2008 na Cape Town mwaka 2018. Watu waliokuwa wakifahamiana kwa majina ya kuhariria tu walipata nafasi ya kupeana mikono. Ni heshima waliyoistahili.

Na kazi yao imekuwa na uzito kuliko zamani. Programu za akili mnemba ambazo watoto wetu huziuliza maswali ya shule zimefunzwa, kwa sehemu, kwa maandishi ya Wikipedia. Kwenye lugha yenye maandishi machache mtandaoni kama yetu, aya moja iliyopimwa vizuri na wahariri wawili waliokuwa hawakubaliani inaweza kurudi kama jibu kwa wengi ambao hawatafungua Wikipedia kamwe. Aya mbovu nayo itasafiri vivyo hivyo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ombi langu ni dogo. Tafuta makala ya wilaya uliyozaliwa, au ya shule uliyosoma, au ya samaki unaowajua kwa majina. Isome hadi mwisho, kisha bonyeza "Historia" uone ni nani waliifikisha hapo. Ukikuta kosa, lisahihishe, weka chanzo, na ujaze kile kisanduku cha muhtasari kwa maneno yanayoeleweka. Mtu akikutengua, usikasirike na usimtengue. Nenda kwenye ukurasa wa majadiliano, msalimie, mwonyeshe ulichosoma na umuulize alichosoma yeye. Kamusi elezo ya lugha yetu itafika pale tu tutakapoifikisha sisi wenyewe, na waliopo wanahitaji wenzao.